Nimesikia, Baba. Asante

9 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na kama huko baridi ni kali kama unavyosema basi hizi zijifunge shingoni. Sisi huku wazima. Bomba la jikoni limeanza kuvuja tena palepale ulipolifunga kwa kipande cha mpira ukajigamba, "Hilo, dada, halivuji tena mpaka nirudi." Limevuja, na wewe hujarudi. Mwaka wa nne huu. Nimeweka ndoo.

Mwanao hajambo. Chiriku ni Chiriku, aliyembandika hilo jina hakukosea. Anaamka anaongea, anakula anaongea, nikiingia kuoga ananingoja mlangoni ili nikitoka aendelee alipoishia. Juzi nikamwambia, "Mwanangu, hebu lipumzishe hilo taya." Akacheka, akaendelea.

Sasa la maana, na uketi kabla ya kulisoma. Chuo cha uuguzi kimemkubali. Barua ninayo hapa mezani, ina muhuri. Nafasi yake watamshikia mpaka mwisho wa Agosti kwa sharti moja: apeleke cheti cha kusikiliza Kiingereza, alama ishirini na nane kati ya arobaini. Wanasema wodini maelekezo yote ni kwa Kiingereza, na muuguzi asiyeelewa anachoambiwa ni hatari. Mtihani wenyewe unafanyika kituoni kwetu, na msimamizi ni mimi.

Najua wewe ukiulizwa kazi yangu unasema "dada anafundisha". Kufundisha niliacha zamani, bwana. Mimi napima usikivu wa watu. Nasimama mbele ya watu wazima thelathini, madereva, mayaya, wahudumu wa hoteli, nawasomea: mama anapiga simu kuahirisha miadi ya daktari wa meno, mwanamume anatangaza kwamba treni imebadilishiwa njia. Nasoma mara mbili, wao wanajibu. Kuna fundi bomba mmoja, kila swali anajibu "kwa sababu amechelewa". Cha ajabu, mara nyingine anapata.

Kanuni yangu ni moja tu, na walimu wapya nawaimbia hiyohiyo. Usimuulize mtu "umeelewa?" Nani atakuambia hapana? Muulize, "Nimesema nini?" Akikurudishia kwa maneno yake mwenyewe, huyo amesikia.

Mwaka huu lakini sisomi. Baraza la mitihani limeleta mashine na hedifoni, kila mtu na zake, eti sisi walimu tunatoa majibu kwa nyusi. Haya. Kwa Chiriku sina wasiwasi. Kwenye mazoezi, ambayo bado nasoma mwenyewe, namketisha mstari wa mbele, chini ya pua yangu, asije akazubaa, na wiki jana kapata thelathini na saba.

Barua endelea kumpa yule dereva wa lori azilete ofisini. Simu ya nyumbani anayo mwanao, na huko kwako mtu akiongea chumba kizima kinatega sikio. Ya wakubwa tuyaandike.

Vaa soksi mbili mbili.

Dada yako

2 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai cha dereva, lakini yote yanasomeka. Mimi mzima, isipokuwa vidole viwili vya mkono wa kushoto ambavyo asubuhi huchelewa kuamka. Ghala letu la barafu limeongezwa chumba cha nne. Tunapakia samaki tangu alfajiri mpaka saa nane, tukitoka nje jua linatuuma kama vile limetukosa siku nyingi.

Nilisoma ile sehemu ya chuo nikiwa nimesimama, hukunikuta nimeketi. Nikarudia. Kisha nikawasomea wenzangu, wote saba, mpaka yule mnyamavu wa kitanda cha juu akapiga makofi. Tangu siku hiyo wananiita Baba Nesi. Msimamizi wetu naye kaanza, "Baba Nesi, funga mlango, baridi inatoka." Dada, sijawahi kuitwa jina zuri namna hiyo.

Ahsante kwa kunilelea. Ningekuwa karibu ningekubusu mkono.

Kuna kitu kimoja kinanikera rohoni. Unajua kila Jumapili nakwenda nyuma ya ghala, kule yanakoegeshwa malori, namrekodia Chiriku sauti kwenye simu. Dakika kumi, mara nyingine ishirini. Namweleza yote: chakula, wenzangu, ndoto niliyoota. Yeye ananijibu kwa maandishi, na jibu ni lilelile. "Nimesikia, baba. Asante." Basi. Chiriku gani huyu? Kwako hafungi mdomo, kwangu maneno matatu, kama risiti.

Hivi amewahi kukuambia ana kinyongo na mimi? Kwa jambo lolote, hata la zamani? Usimuulize, tafadhali. Niambie tu kama amewahi kusema.

Mdogo wako

14 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima. Nimeandika "wazima" kwa mazoea tu, acha libaki.

Chiriku amepata tano. Tano kati ya arobaini. Yule fundi bomba wa "kwa sababu amechelewa" amepata kumi na tisa.

Kwanza niligombana na mashine. Nilizichukua hedifoni zake, namba kumi na moja, nikazivaa mwenyewe, nikasikiliza mtihani mzima tangu miadi ya daktari wa meno mpaka treni. Sauti safi, hata pumzi ya msomaji unaisikia. Nikalinganisha alama za wengine: huyu kapanda mbili, yule kashuka tatu, ndivyo watu walivyo. Ni yeye tu aliyeporomoka. Nikaenda chooni nikalia, kisha nikajionea haya, mtu mzima kulia kabla ya kufikiri.

Nilipofika nyumbani nilimkuta jikoni anaosha vikombe, amenipa mgongo. Nikasimama mlangoni. Nikasema kwa sauti ya kawaida, kama tunavyoongea siku zote, "Chiriku, baba yako amerudi, yuko hapa nje."

Usinilaumu kwa maneno niliyochagua. Nilitaka kitu ambacho hawezi kukipuuza.

Akaendelea kuosha. Nikarudia. Akakisuuza kikombe, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha kukikagua, akakiweka chini. Mara ya tatu nikapiga kelele mpaka jirani akauliza kulikoni, na mwanao akageuza kichwa kidogo, akatazama dirishani. Si kwangu, dirishani. Kisha akaniona, na palepale akaanza kunisimulia habari za paka wa jirani, bila kituo, bila pumzi.

Miaka kumi na miwili nimemcheka kwa kupenda kuongea! Kumbe mtoto anaongea ili mwingine asipate nafasi ya kusema kitu.

Nikamkalisha. Nikamwambia, "Basi, mwanangu. Inatosha." Akanyamaza. Akasema, "Nakusoma mdomo, shangazi. Wewe unao mdomo mzuri, hauli maneno." Nikamuuliza tangu lini. Akasema alipokuwa mdogo hakujua kama kuna watu wanaosikia namna nyingine.

Na mimi nilimketisha mstari wa mbele kwa mkono wangu, mwaka hadi mwaka, nikajipa hongera kwa alama zake. Napima masikio ya watu thelathini kila msimu, na la nyumbani kwangu sikulipima hata siku moja.

Tumekwenda kliniki ya masikio. Wakamfungia kwenye kichumba cha vioo, wakamwambia anyooshe mkono akisikia mlio. Nilikaa nje nikiungoja ule mkono. Sikio la kulia halina kitu. La kushoto linapata ngurumo tu, na nalo linapungua. Daktari kanionyesha karatasi yenye mistari, nikamwambia aseme kwa mdomo. Akauliza, "Aliwahi kuugua homa ya uti wa mgongo?" Nikasema ndiyo, akiwa na miaka sita, alilazwa wiki tatu. Akauliza, "Na mliporudi kumpima masikio, waliwaambia nini?" Nikasema sijui, aliyekuwa naye hospitali ni baba yake. Akasema kila mtoto anayetoka kwenye homa ile mzazi wake huambiwa arudi. Akasema angewahiwa wakati ule, leo ingekuwa habari nyingine.

Kwa hiyo nakuuliza. Wifi yangu alishatutoka, pale kitandani ulikuwa wewe peke yako. Uliambiwa kitu?

Mtihani wa mwisho kwa mwaka huu ni mwanzoni mwa Julai. Sijui la kufanya. Yeye anasema nisikuambie, kwa hiyo kama utamtumia sauti, usilitaje.

Dada yako

30 Mei

Dada,

Shikamoo. Natumaini mu wazima, na bomba halijazidi. Mimi nipo. Mlango wa chumba cha tatu ulikwama wiki mbili, ndiyo sababu nimechelewa kuandika, tulikuwa tunapakia kwa mkono. Mnyamavu wa kitanda cha juu amerudi kwao.

Nimempa dereva glavu za sufi, za Chiriku. Ni kubwa kidogo, lakini mkono wa kazi hunenepa.

Kuhusu hospitali, ni zamani sana, dada. Watu walikuwa wengi, makaratasi mengi, huyu anakutuma dirisha hili, yule dirisha lile.

Nafikiria mtihani wa Julai. Msimamizi ni wewe. Huyu mtoto vitabu vyote anavijua, anakosa hicho kimoja tu, na hicho hakukitaka yeye. Chuoni akishaingia ataketi mbele, atasoma midomo, atafika. Fanya njia, dada. Miaka yote sijakuomba kitu. Hili nakuomba.

Akiniulizia, mwambie niko salama.

Mdogo wako

8 Julai

Wewe,

Salamu zipo, utazikuta mwishoni ukifika.

Nilikuuliza swali moja ukanijibu kwa glavu na mlango uliokwama. Nimewasahihisha watu wanaojibu hivyo miaka ishirini na sita. Asiyejua jibu huandika kitu kingine chenye maneno mengi. Lakini njia uliyoniomba niliifanya, na sasa nikusimulie ilivyokuwa, uisome yote.

Kanuni za baraza zinasema mashine ikiharibika, msimamizi atafungua bahasha na kusoma mwenyewe. Jumamosi asubuhi niliwahi kabla ya mlinzi hajamaliza kufagia. Nikauchomoa waya unaounganisha mashine na meza za watahiniwa, nikaukunja, nikautia kwenye mkoba wangu chini ya kitambaa. Alipofika yule mama wa baraza mwenye miwani tukaanza kuutafuta. Kila kona, chini ya meza, nyuma ya kabati. Hata mimi niliinama kuutafuta, ninavyokuambia, nikijishika kiuno! Akachoka. Akaikata bahasha, akanipa karatasi.

Chiriku alikuwa mbele yangu, hatua mbili. Dirisha nililiacha wazi, mwanga ulikuwa usoni kwangu. Nikasoma kama sijawahi kusoma maishani, kila neno nikalisukuma mpaka kwenye meno. Sentensi ya kwanza alinitazama. Nikaona macho yake yanatembea juu ya mdomo wangu kama kawaida yake, nikasema moyoni, tumepita.

Kisha akainamisha kichwa. Akatazama meza, mdogo wangu, akabaki anatazama meza.

Nikapandisha sauti. Nikakohoa. Nikagonga ubao kwa kiganja nikijifanya nafukuza nzi, mpaka fundi bomba akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Hakuinua macho. Mara ya pili nikasoma polepole zaidi, na bado hakuinua. Nilipokusanya karatasi, yake ilikuwa na namba yake tu.

Njiani hakusema neno. Jua hilo: Chiriku, kutoka kituoni mpaka nyumbani, kimya. Mlangoni ndipo akasema, "Shangazi, wodini watu wanavaa barakoa."

Nikasema, "Kwa hiyo?"

"Daktari amevaa barakoa ananiambia mpe huyu dawa hii, ile usimpe. Nitasoma nini? Na mgonjwa wa kitanda cha mwisho akiniita nimempa mgongo? Utakuja usimame mbele yangu na wewe?"

Mwalimu mzima nimesimama na funguo mkononi. Nikamwambia, "Ungeniambia mapema." Akasema, "Ulitaka sana, shangazi. Na baba kashaitwa Baba Nesi." Nilimwambia mimi habari za hilo jina, siku ile tulipokuwa tunacheka.

Jumatatu niliupeleka waya baraza pamoja na maelezo yangu. Wameniweka pembeni mpaka waamue. Na mtihani wote umefutwa, wenzake ishirini na tisa watarudia kwa ajili yangu. Fundi bomba alikuwa amepata ishirini na nane kamili. Alinisubiri getini. Nilidhani atanitukana. Akasema tu, "Mwalimu, mimi nilisikia kweli." Tangu siku hiyo napita mlango wa nyuma.

Sasa kuhusu sauti zako za Jumapili. Ulinilalamikia maneno matatu kama risiti. Nimejua yanatoka wapi. Kila Jumatatu Chiriku hupeleka simu kwa fundi cherehani wa hapo kwenye kona, yule mama mnene anayetushonea. Fundi anasikiliza, kisha anamwandikia kwenye daftari ulichosema. Miaka minne! Nimeliona lile daftari. Samaki wako wote wamo, na wenzako, na ile ndoto ya ngazi isiyo na mwisho. Chiriku anaisoma, ndipo anakujibu. Fundi alijua kabla yetu sote na hakumwambia mtu, kwa sababu aliombwa asiseme.

Nimekuta ukurasa mmoja mtupu, una tarehe tu, Oktoba mwaka jana. Nikamuuliza fundi. Akasema, "Hiyo sikuiandika. Baba wa watu alikuwa analia. Sikuona kama ni ya kuandikwa na mkono wangu." Sasa Chiriku aliambiwa nini? Fundi anasema alimwambia, "Baba anakusalimia sana," naye akajibu kama siku zote.

Ulisema nini Oktoba? Nakuuliza kwa mara ya pili: hospitali uliambiwa nini?

Salamu ni hizi. Sisi si wazima.

Dada yako

19 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mmeamka vyema. Mimi afya ipo. Nimeanza barua hii mara sita, dereva ameondoka mara mbili bila kitu.

Siku ya kutoka hospitali nesi alinipa kadi ndogo ya manjano. Imeandikwa tarehe, wiki mbili mbele, na maneno: arudi kupimwa masikio. Akaniambia kwa mdomo pia, mara mbili, na akaniuliza kama nimeelewa. Nikasema ndiyo.

Tarehe hiyo ndiyo lori la kunileta huku lilikuwa linaondoka. Mkataba wangu wa kwanza. Lilikuwa halingoji mtu.

Asubuhi ile, kabla sijamleta kwako, nilimpima mwenyewe. Nilisimama miguuni pa kitanda chake nikamwita jina lake. Akainua macho, akasema, "Naam, baba." Nikamwita tena, akaitika tena, akacheka. Nikasema moyoni, mbona anasikia. Nilisimama mbele yake, dada. Nilikuwa mbele yake, ananitazama usoni, nikaona inatosha. Nikakukabidhi mtoto, nikatia kadi mfuko wa shati nikapanda lori. Sikukuambia kwa sababu ungenishusha.

Kadi ninayo. Imepauka lakini tarehe inasomeka.

Niliporudi likizo zile nilianza kuona. Nikimwita akiwa uani haji. Nikasema utoto, nikasema kiburi. Mtu akitaka kutojua hakosi la kusema.

Oktoba mwaka jana sikuweza tena. Nilikwenda nyuma ya ghala nikamrekodia yote, kadi, lori, vile nilivyomwita kitandani. Nikamwomba anisamehe. Kesho yake jioni likaja jibu: "Nimesikia, baba. Asante."

Dada, nililala. Ulipoandika Aprili nilishtuka, lakini nikajiambia huenda hiyo sauti aliisikia kidogo, huenda wakati ule sikio lilikuwa bado. Miezi kumi nimelala usingizi wa mtu aliyesamehewa, kumbe nilikuwa namwambia simu.

Nimeomba ruhusa. Siku tisa, kuanzia ishirini na moja Oktoba. Nakuja kumwambia tena, maneno yaleyale. Nakuomba usimtangulizie hata moja, na fundi asiseme. Niwekee kiti karibu na dirisha, mwanga uwe usoni kwangu. Nitasema polepole. Nitasema mara mbili kama wewe. Na sitamuuliza kama ameelewa. Nitamuuliza, "Nimesema nini?" Akinirudishia kwa maneno yake, nitajua yamemfikia, na hapo anitukane, anipige, vyovyote atakavyo.

Huku wameacha kuniita Baba Nesi. Sikuwaambia kitu. Nadhani waliniona usoni.

Mdogo wako

4 Novemba

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Natumaini umefika na vile vidole havijakusumbua sana njiani. Bomba halivuji, safari hii umelifunga kiume. Baraza wamenipa barua: nitafundisha madarasa ya wanaoanza, mitihani sitaigusa tena. Ni haki yangu. Fundi bomba karudia mtihani, kapata thelathini, akaja mpaka darasani kunionyesha karatasi. Nafasi ya Chiriku chuoni amepewa mtu mwingine. Kliniki wamempa kifaa cha sikio la kushoto, anasema dunia imejaa mikwaruzo, anakivaa asubuhi anakivua mchana. Wamemwambia pia kuna kozi ya maabara, ya kukaa na darubini. Bado hajawajibu.

Uliondoka umeinamisha kichwa hata chai hukumaliza. Nilitaka kukuambia kitu pale kwenye lori, ila wakati ule nilikuwa sikijui.

Unakumbuka nilikwenda kukaa uani na beseni langu la maharage, niwaache. Lakini dirisha ni dirisha, niliona. Nilikuona mdomo unafunguka na kufunga. Nilimwona anakutazama, hakupepesa. Ulipotoa ile kadi ukaiweka gotini kwake, akaitazama, kisha akarudisha macho kwenye mdomo wako. Ukasema mara ya pili. Kisha ukanyoosha mgongo, nikajua sasa unauliza swali langu.

Chiriku akainuka, akaenda kubandika maji ya chai.

Ukanijia uani ukasema, "Hajaelewa, dada. Nimesema haraka. Au ni ndevu." Kesho yake asubuhi ukanyoa ndevu zote, ukatoka bafuni na kidevu cha mtoto, ukamkalisha ukaanza upya. Akakutazama mpaka mwisho. Ukamuuliza tena. Akakutengeneza kola ya shati, akasema, "Baba, unakonda." Siku zilizobaki hukusema tena, na sufuria yangu ya maharage ikaungua juu ya moto nikikutazama umekaa peke yako kibarazani.

Jana jioni tulikuwa tunakunja nguo, uso kwa uso, kila mmoja ameshika pembe mbili za shuka. Akasema bila kuulizwa, "Shangazi, nilimwelewa baba."

Nikasema, "Lini?"

"Mara ya kwanza. Hata na ndevu. Kadi, lori, kitandani nilipomwitikia. Nilielewa kila neno."

"Mbona hukumrudishia? Kaondoka anadhani hukumwelewa."

"Alitaka niyaseme mimi. Kwamba aliambiwa, na akaondoka. Mdomo wangu haukuweza kumwambia baba hivyo."

Tukakunja. Nikamsogelea, nikachukua pembe zake mbili. Tulikuwa karibu kabisa, taa iko juu yetu, na jana kile kifaa alikuwa hajakivua bado. Nikamuuliza polepole, kama ninavyowasomea watu, "Umemsamehe?"

Akautazama mdomo wangu. Najua macho yake yanapokamata neno, mdogo wangu, nimeyatazama miaka kumi na miwili na sasa najua ninachokitazama. Yalilikamata.

Akasema, "Sijasikia, shangazi."

Sikurudia. Nilichukua shuka jingine, naye akashika pembe zake.

Anasema Jumapili uandike badala ya kurekodi, hata mistari miwili, na umpe dereva. Atasoma mwenyewe. Kadi ya manjano nimeikuta ndani ya daftari la fundi, kwenye ule ukurasa wa Oktoba.

Vaa soksi.

Dada yako